Dola elfu moja, watu sita, siku nne Disney: je, chakula kitatosha?

*"Habari za kazi. Tunaishi Columbus, Ohio. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga, na tumepanga kwenda naye Walt Disney World, Orlando, siku nne kuanzia Juni 15. Tuko sita: mimi na mume wangu, mama mwenye miaka 68, na watoto wa miaka 11, 8 na 2. Tiketi tumeshalipia. Kwa chakula nimetenga dola 1,000 na sitaki zizidi, maana mwaka juzi tulikwenda bustani nyingine ya michezo tukarudi na deni la kadi tulilolilipa hadi Desemba. Rafiki yangu anasema tulale hoteli ya Disney na tununue mpango wao wa chakula, kwamba ndiyo nafuu kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi kabisa. Mume wangu anataka tukodi nyumba Kissimmee, mji wa jirani. Mama hali nyama isiyo halali, ana kisukari anachotumia vidonge, na kwake yeye bila wali hajala. Nifanyeje?"*

Dada, nianze na hilo la rafiki yako, kwa sababu likibaki lilivyo litaharibu hesabu nyingine zote. Chakula cha nje kinaruhusiwa Disney. Unaingia na begi lako, mlinzi analikagua, unapita. Masharti yapo, ila si makali: hakuna vyombo vya glasi (vichupa vidogo vya chakula cha mtoto havina neno), hakuna pombe, chakula kisihitaji kupashwa moto humo ndani, na kisiwe na harufu kali ya kuwasumbua watu. Begi la kutunzia baridi lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18, na ndani yake utumie pakiti za kugandisha, si barafu ya kumwaga. Kwa hiyo chapati ruksa, mayai ya kuchemsha ruksa, sambusa ruksa. Dagaa na papa wabaki nyumbani. Na kama mama amekuja na ile chupa ya chai ya kizamani yenye kioo ndani, mnunulieni ya chuma kabla hamjaondoka, maana ile itazuiwa mlangoni.

Nadhani rafiki yako amechanganya na Universal, ambayo nayo iko Orlando. Kule ndiko wanakobana: vitafunwa vidogo na maji wanakubali, lakini mlo wa mchana uliofungashwa wanaukataa, na begi laini la baridi lisizidi inchi 8.5 kwa 6 kwa 6. Siku mkienda kule, hesabu itabidi ipangwe upya.

Sasa tuongee kuhusu mwaka juzi. Sijaziona risiti zenu, lakini nimeshapitia za familia nyingi zilizotoka Orlando, na karibu kila mara mhasibu wa nyumba hulaumu ule mlo mmoja mkubwa wa mezani, kwa sababu ndio anaoukumbuka. Mlo huo huwa hauna kosa kubwa. Pesa huvuja kwenye vinywaji na vitafunwa. Chukua chupa ya maji ya dola nne. Watu watano, mara tatu kwa siku, siku nne: dola 240. Hiyo ni robo ya bajeti yako imekwenda kwenye maji, na hakuna mtu atakayerudi Ohio akisimulia maji aliyokunywa. Mama yako atakuwa wa kwanza kushtuka, kwa sababu wageni wetu kutoka nyumbani huzidisha kila bei kwa shilingi, na chupa ile kwake inakaribia elfu kumi. Msimcheke. Ndiye anayehesabu sawasawa.

Dawa yake ni bure kabisa. Kaunta yoyote ya chakula cha haraka ndani ya Disney yenye mashine ya soda itakupa glasi ya maji ya barafu ukiomba, hata kama hununui kitu. Beba chupa tupu, moja kwa kila mtu, mjaze humo. Maji ya Florida yana ladha yake, na wako wasioyapenda; pakiti chache za unga wa ndimu hulimaliza hilo.

Kuna jambo la pili linalofanya pesa itoke bila kuonekana. Bustani hizi zimepangwa ili uamuzi wa kula uufanye saa saba mchana, juani, mtoto mmoja analia, mwingine ameona aiskrimu yenye masikio ya Mickey, yule panya wao. Wahenga walisema njaa mwana malegeza, na mtu aliyelegea hasomi bei. Ukiwa mgeni wa hoteli zao unaweza pia kuvaa bangili iliyounganishwa na kadi yako: unagusa mkono, umeshalipa. Kwa foleni ni raha. Kwa bajeti ni hatari, maana hata ule uchungu mdogo wa kutoa noti mfukoni haupo. Ndiyo sababu ushauri wangu mwingi hapa chini unahusu kuamua mapema kuliko kutafuta vya bei rahisi.

Tuje kwenye mpango wa chakula wa Disney, ambao unauzwa kwa wageni wa hoteli zao tu. Ulisimamishwa mwaka 2020 na kurudi Januari 9, 2024. Mnalipa kabla, kwa kila usiku, na kila mtu aliye chumbani kuanzia miaka 3 lazima anunuliwe. Hamwezi kumnunulia baba peke yake. Ule mdogo unakupa milo miwili ya kaunta na kitafunwa kimoja kwa kila usiku, pamoja na kikombe cha kujaza vinywaji hotelini. Hotelini, narudia, bustanini hakina kazi. Uliporudi ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto.

Hapo ndipo familia yako inapoumia. Kwa Disney mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Wako wa miaka 11 ni mtu mzima kwenye bili, hata kama anakula vipande vinne vya kuku na kuacha viwili. Kwa hiyo mna "watu wazima" wanne: 57.01 mara nne, mara usiku nne, ni dola 912.16. Ongeza wa miaka 8, dola 95.32. Jumla 1,007.48, na hapo bado hamjanunua kifungua kinywa, wala bakshishi, ambayo haimo. Mwaka 2025 walitoa ofa ya mpango bure kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, na ofa za namna hiyo ziangalie kwa tarehe zenu. Lakini ona kwamba hata mtoto akila bure, ile 912 haijaguswa.

Je, mpango ni wizi? Hapana. Ili pesa yako irudi, mtu mmoja lazima ale milo miwili ya kaunta yenye vinywaji vya bei ya juu, na kitafunwa, kila siku bila kuruka. Kijana wa miaka 19 anayecheza mpira atairudisha na chenji juu. Mama mwenye kisukari, asiyekula nusu ya vilivyoko kwenye menyu, anayeshiba kwa sahani moja, hatairudisha kamwe. Mlo ambao hamkuutumia hufa usiku wa manane siku mnayoondoka hotelini. Nimewaona watu wakimaliza salio lao kwa kununua pipi za kujaza mfuko saa tano usiku, na wanaita hiyo akiba. Faida halisi ya mpango ni utulivu wa akili: umeshalipa, huulizi tena. Kwa watu waliochomwa na deni kama ninyi, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana sitaki kumdharau rafiki yako. Ila utulivu huo mnaweza kuupata kwa njia nyingine.

Nyumba ya Kissimmee, basi. Mume wako yuko sahihi kwenye hesabu, ila kuna mambo mawili hajayasema. La kwanza ni maegesho: asiyelala hoteli ya Disney hulipia gari kila siku; mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 30, yaani 120 kwa siku nne. Si pesa ya chakula, lakini itatoka mfuko uleule, kwa hiyo iandikwe. La pili ni nani atapika. Nyumba yenye jiko hugeuka haraka kuwa nyumba ambayo mama watoto yuko jikoni saa kumi na moja alfajiri akisukuma chapati, anarudi saa tatu usiku kuosha vyombo, halafu inaitwa likizo. Pendekezo langu kwa shemeji ni kwamba aliyetaka jiko ndiye atakayelisimamia asubuhi. Chapati zisukumwe na kuchomwa Columbus, zigandishwe, zisafiri hivyo. Wali upikwe kwenye jungu la umeme usiku, mkirudi.

Kwa familia yenu mimi ningechukua nyumba, na hesabu ningeipanga hivi. Mkifika, pitieni Aldi, Walmart au Publix mnunue vya asubuhi vya siku zote, matunda, mkate, mayai, maziwa ya mdogo, mchele na maharage: dola 180, na usiache zizidi. Asubuhi mle nyumbani, mshibe. Bustanini ingieni na chakula chepesi cha saa nne na cha saa tisa. Katikati, kila siku, mnunue mlo mmoja wa moto kwenye kaunta. Huo nauhesabu dola 17 kwa kila anayekula sahani ya kikubwa na 9 kwa sahani ya mtoto. Kwa watano ni 77, na kodi ya mauzo ya Orange County, asilimia 6.5, inaifikisha 82. Ongeza kitu kimoja kitamu kwa kila mtu, dola 7 kila kimoja, pamoja na kodi yake ni 37 na kidogo. Siku moja ni 120, siku nne 480. Mlo mmoja wa mezani wa kumpa mama heshima yake, 200. Jumla 860. Zinabaki 140, na hizo zina jina tayari: ni za njiani. Kutoka Columbus hadi Orlando kwa gari ni kama saa kumi na tano za kuendesha, na familia nyingi huanza kuvuja pesa kwenye vituo vya mafuta vya Georgia kabla hata hazijamwona panya mwenyewe.

Hizo 17 na 9 ni makadirio yangu ya kupangia. Menyu zote za Disney, na bei zake, zimo kwenye programu yao ya simu, iitwayo My Disney Experience. Jioni moja kaeni na watoto mchague kabisa mtakula wapi kila siku. Humo humo mnaagiza na kulipia, mkachukue chakula bila kupanga foleni. Agizeni kabla ya saa tano na nusu au baada ya saa saba na nusu, mkwepe ule msongamano. Na jueni kwamba kwenye kaunta mtu mzima anaweza kuagiza sahani ya mtoto, ambayo huja na vya pembeni na kinywaji kidogo. Kwa wa miaka 11, na hata kwa mama, mara nyingi inatosha. Mkiagiza mbili za namna hiyo kila siku mtaokoa kama dola 60 katika siku nne.

Huyo mdogo wa miaka 2 ni neema. Haingii kwenye tiketi, na kwenye bufee anakula bure. Kila bustani ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga chenye viti vya kulia, sinki na jiko la kupashia chakula, hivyo uji wake utapashwa humo bila shida.

Kwa hawa wawili wakubwa, wape kadi ya zawadi ya Disney yenye pesa zao za vitu vitamu: 7 kwa siku, mara nne, 28 kila mmoja, na karibu dola 2 za kodi juu. Zikiisha zimeisha. Utashangaa mtoto aliyekuwa akililia kila kitu anavyoanza kusoma bei kama mchuuzi wa Kariakoo, na pengine akaamua mwenyewe kuruka siku moja ili kesho yake anunue kikubwa.

Sasa mama. Halali bustanini ni jambo la kuuliza, si la kudhani. Nyama isiyotajwa kuwa halali ichukulieni kuwa si halali. Kwenye kaunta ategemee samaki na vyakula vya mimea, ambavyo tangu 2019 Disney huviwekea alama ya jani kwenye menyu, na muulize kama samaki anakaangwa mafuta yaleyale ya vingine. Wali upo ukijua pa kuutafuta. Katika bustani ya Animal Kingdom kuna Satu'li Canteen, ambako unajenga bakuli lako juu ya wali na maharage, na katika bustani ya EPCOT, sehemu ya Japani, kuna mgahawa wa Katsura Grill. Siku za Magic Kingdom na Hollywood Studios ashibe asubuhi nyumbani, abebe chake, na wali wake aukute usiku.

Hapa nina onyo. Msimfungie wali wa nazi kwenye hotpoti akatembea nao siku nzima. Nazi huchacha upesi, na wali wenyewe ukikaa vuguvugu ni mahali wadudu wanapenda kuzaliana. Kanuni inayotumika Marekani ni kwamba chakula cha aina hiyo kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu. Orlando mwezi Juni hufika hapo kirahisi. Chapati kavu, karanga, ndizi, mayai yaliyo kwenye baridi, hivyo ndivyo vya kubeba.

Kuhusu kisukari, mimi ni mtu wa hesabu, si daktari, na hili nataka mlipeleke kwa daktari kabla ya safari. Siku moja bustanini mtu hutembea kilomita kumi au zaidi bila kujua. Vidonge vya jamii ya glibenclamide, ambavyo wazee wetu wengi nyumbani wanavitumia, vinaweza kushusha sukari hadi pabaya mtu akitembea sana na kuchelewa kula. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Angalieni boksi lake lina jina gani, mpigieni daktari wake wa Tanga au mwende naye kliniki hapo Columbus, muulize ratiba ya kula na vidonge kwa siku za namna hiyo. Begani awe na juisi ndogo au pipi, na msimwache apitilize saa ya kula eti foleni bado. Akitetemeka, akitoka jasho la ghafla au akianza kuchanganya maneno, mpeni cha sukari hapo hapo na mwite mfanyakazi aliye karibu. Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza. Na kwa kuwa ni mgeni, hakikisheni bima yake ya safari inahesabu ugonjwa aliokuja nao, maana nyingi hazihesabu.

Ule mlo wa dola 200 ningeupeleka Animal Kingdom Lodge, ambayo ni hoteli. Huhitaji tiketi ya bustani kuingia kula. Kuna Boma, bufee kubwa ya vyakula vya Kiafrika, na kuna Sanaa, ambako dirishani wanapita twiga na pundamilia. Boma ni tamu, lakini ni bei moja kwa kila mtu, na wa miaka 11 atalipa kama baba yake. Sanaa unaagiza sahani kwa sahani, na ile sinia yao ya mikate na vichovyeo mnaigawana mezani, kwa hiyo bajeti unaishika mwenyewe. Kwa nyumba yenu nachagua Sanaa. Mkiwa sita, asilimia 18 ya bakshishi huwekwa kwenye bili moja kwa moja. Isome kabla hujaongeza nyingine juu yake, kosa ambalo nimelifanya mwenyewe.

Na siku ya Animal Kingdom mpelekeni mama Harambe, kijiji walichokijenga kwa kufuata sura ya Lamu na miji mingine ya pwani. Wamelipunguza jina herufi moja, lakini mabango yamejaa Kiswahili. Kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu. Asitarajie pilau ya Tanga, ila kwa mara ya kwanza tangu atue Marekani yeye ndiye atakayewasomea wajukuu vibao, na hilo halina bei.

Nafasi za kuhifadhi meza kwenye migahawa ya Disney hufunguliwa siku 60 kabla. Kwa Juni 15, hiyo ni Aprili 16, asubuhi na mapema. Weka kengele kwenye simu, andika kwenye nafasi ya maelezo kwamba mmoja wenu anataka halali, na mkifika mwombeni mpishi atoke mwongee naye. Mkibadili nia, ghairini mapema, kwa sababu asiyetokea hutozwa dola 10 kwa kila kiti, na ninyi mna viti sita.